Dawa za nyumbani za kuanzisha uchungu: ile inayofanya kazi ndiyo ya kuogopwa

Mimba imefika wiki 40 na siku nne. Viatu haviingii, usingizi hauji, na kila simu inayoita ina swali lile lile: bado tu? Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Kunywa mafuta ya nyonyo. Kula tende. Panda ngazi. Lala na mumeo. Chemsha majani haya, kunywa kutwa mara tatu. Na kila mshauri anamjua mtu aliyefanya hivyo, na hakujakucha akawa na mtoto mikononi.

Ubishi kuhusu ushauri huo nimeusikia mara nyingi, na huwa na pande mbili. Upande mmoja unasema hizi ni dawa za mabibi zetu, zimezalisha vizazi, na hospitali inazipiga vita kwa sababu tu si zake. Upande wa pili unasema ni imani tupu, hazina kazi yoyote, mwenye akili aende kliniki. Naona wote wanakosea mahali pamoja: wanabishania asili ya dawa. Mji wa mimba haujui kama kilichouamsha kimetoka shambani au kiwandani. Unabana tu, na kinachoamua usalama ni unabana kwa nguvu gani, kwa muda gani, na kama kuna mtu anayesikiliza moyo wa mtoto wakati huo.

Tuanze na ile tarehe, maana ndiyo inayozua haraka yote. Hesabu ya siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho inabeba jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Kijerumani wa karne ya 19, na ni makadirio. Karibu mtoto mmoja tu kati ya 20 huzaliwa siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Mimba inahesabiwa kuwa imepitiliza inapofika wiki ya 42. Kwa hiyo mwanamke wa wiki 40 na siku nne hajachelewa, na huenda uchungu ukamjia wenyewe ndani ya siku chache zijazo hata akikaa tu. Ndiyo sababu ushuhuda wa "nilifanya na nikajifungua" hauna uzito mkubwa. Mtu akipanda ngazi siku tatu mfululizo katika wiki ya 41, kuna kila uwezekano uchungu umkute ngazini, na ngazi itapewa sifa isiyo yake.

Lakini kutokana na hoja hiyo wengi wanaruka hadi kusema kwamba dawa zote hizi ni maji matupu. Si kweli, na historia inaonyesha hivyo.

Kuna ukungu mweusi unaoota kwenye masuke ya nafaka iitwayo rai, unaitwa ergoti. Wakunga wa Ulaya waliutumia kwa karne nyingi kuharakisha uzazi. Mwaka 1808 daktari mmoja wa Marekani, John Stearns, aliwaandikia wenzake akiusifu kwamba unaamsha uchungu uliolegea na kumpunguzia daktari saa za kusubiri. Unga huo ukaenea haraka, kwa sababu ulifanya kazi kweli. Ulifanya kazi kupita kiasi. Mji wa mimba ulibana na usiachie, watoto wakawa wanazaliwa wafu, na mwaka 1824 David Hosack wa New York akaandika kwamba unga ulioitwa wa uzazi ulistahili kuitwa unga wa mauti, utumike tu kuzuia damu baada ya mtoto kutoka. Na huko ndiko ulikobaki hadi leo: ergometrini, iliyotolewa ndani ya ukungu ule ule mwaka 1935, inatumika kubana mji wa mimba pale mama anapovuja damu baada ya kuzaa. Dawa ni ile ile. Ikitolewa mtoto akiwa bado ndani inaweza kumuua, na akishatoka inaweza kumwokoa mama.

Mfano wa pili ni wa Kongo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Kinorwe, Lorents Gran, aliona wanawake wakinywa chai ya mmea ili kuharakisha kujifungua. Aliuchukua mmea huo maabara, akakuta ndani yake protini ndogo sana inayoubanisha mji wa mimba, na haiharibiki hata ikichemshwa. Ikapewa jina la kalata, kwa kufuata jina ambalo wanawake wale walikuwa wakiuita mmea. Kwa hiyo anayewacheka mabibi hajui anachokicheka. Walichokigundua ni dawa halisi, na dawa halisi ina kipimo. Majani ya sufuria hayana kipimo: mmea wa msimu wa mvua si sawa na wa kiangazi, mizizi si sawa na majani, na mkono wa mchemshaji mmoja si wa mwingine.

Kwa nini kipimo ni suala la kufa na kupona? Mishipa inayompelekea mtoto damu inapita katikati ya msuli wa mji wa mimba. Msuli ukibana, mishipa inabanwa pia, na kwa sekunde kadhaa mtoto anaishi kwa akiba. Msuli ukilegea, damu inarudi. Mtoto anaupita uchungu kama mzamiaji anayezama na kuibuka kuvuta pumzi, na kinachomfanya aweze ni ule muda wa kuibuka. Wakunga huhesabu: uchungu unaozidi mara tano ndani ya dakika kumi ni hatari, kwa sababu mtoto haibuki vya kutosha. Hospitalini, uchungu unaoanzishwa kwa dripu ya oksitosini, homoni inayoubanisha mji wa mimba, ukizidi, nesi anaifunga, na nguvu ya dawa inaanza kushuka ndani ya dakika chache. Kikombe ukishakinywa huna cha kufunga.

Mafuta ya nyonyo, ambayo wengine wanayaita ya mbarika, ndiyo yanayosifiwa kuliko yote, na ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2012 watafiti waligundua kwa panya kwamba asidi iliyomo ndani yake inagusa pokezi fulani, yaani sehemu ya seli inayopokea ishara, linalopatikana kwenye utumbo na kwenye mji wa mimba pia. Panya wasio na pokezi hilo hawakuharisha, wala miji yao ya mimba haikubana. Kwa hiyo hoja ya mabibi ina msingi. Ushahidi wa wanawake wenyewe ni mwembamba zaidi: uchambuzi wa mwaka 2013 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya kitabibu, ulipata majaribio matatu tu yenye jumla ya wanawake 233, ukashindwa kuthibitisha faida yake. Jambo moja lilijitokeza wazi, kwamba wanawake wote walioyanywa walisikia kichefuchefu.

Fikiria usiku wenyewe ulivyo. Anayanywa saa nne usiku, huku ameziba pua. Saa saba tumbo linasokota, na kufikia saa tisa ameshakwenda chooni mara sita na midomo imekauka. Alfajiri kuna kitu kinabana, naye hajui ni utumbo au ni uchungu. Kama ni uchungu, anaingia kwenye kazi ambayo kwa mzazi wa kwanza inaweza kuchukua saa nyingi, akiwa hajalala, hana maji mwilini na hana chakula tumboni. Na kama si uchungu, ameharisha usiku kucha bure. Haya yanampata mwanamke mzima asiye na tatizo lolote. Aliyewahi kupasuliwa ana kovu kwenye mji wa mimba, na kovu ndipo mahali pa kuchanika. Taarifa za kitabibu zimeshaeleza kuchanika kwa kovu baada ya mwanamke kunywa mafuta haya. Tukio kama hilo ni nadra, ila likitokea mbali na chumba cha upasuaji, muda wa kumwokoa mama na mtoto ni mfupi mno.

Kuchua chuchu kuko tofauti, na nadhani hakupewi heshima yake. Mwili wenyewe unatoa oksitosini, na mkono ukiondoka inapungua. Cochrane walichambua majaribio sita mwaka 2005, yenye wanawake 719. Baada ya saa 72, kama 37 katika kila 100 waliojichua walikuwa wameshaanza uchungu, na katika wale waliosubiri tu walikuwa kama 6. Ilisaidia pale tu ambapo shingo ya kizazi ilikuwa imeshaanza kulainika, na waliovuja damu nyingi baada ya kuzaa walipungua. Ningetamani ushahidi uishie hapo. Lakini jaribio moja lililofanywa kwa wanawake wenye mimba za hatari lilisimamishwa kwa sababu watoto walikufa. Kwa hiyo hata njia hii, inayoonekana ya upole kuliko zote, si ya mwenye presha, wala ya aliyeambiwa mtoto hakui vizuri, mpaka awe mahali ambapo moyo wa mtoto unafuatiliwa.

Mengine nayapitia haraka. Kutembea ni kuzuri na hakuna kilichothibitishwa zaidi ya hapo. Kulala na mume hakuna ubaya kama chupa haijapasuka na kondo halijakaa chini, ila jaribio la Malaysia lililochapishwa mwaka 2013, lenye wanawake zaidi ya 1,000, halikuona kwamba kunaharakisha uchungu. Tende zina ushahidi mdogo unaotia moyo: huko Jordan, wanawake 69 waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho walifika hospitali njia imefunguka zaidi kuliko 45 ambao hawakula. Walijichagulia wenyewe kula au kutokula, kwa hiyo utafiti huo hauthibitishi, lakini ni chakula, na asiye na kisukari hana cha kuogopa. Mmea wa blue cohosh, unaouzwa kama dawa ya wajawazito katika nchi kadhaa, uachwe kabisa. Mwaka 1998 madaktari walieleza habari za mtoto aliyezaliwa na moyo ulioshindwa kufanya kazi baada ya mama yake kuutumia.

Na vipo vidonge vya misoprostoli, dawa ya hospitali inayoubanisha mji wa mimba, vinavyopita mkononi kwa siri na kuitwa njia ya mkato. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili kwa kumeza, chini ya uangalizi, na linakataza kabisa kwa mwenye kovu. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200. Kukimeza kizima ni kumeza vipimo vinane kwa mpigo.

Sasa niseme upande ambao wapinzani wa dawa za nyumbani hawapendi kuusema. Wanawake hawakimbilii vikombe hivi kwa ujinga. Wengi wanaikimbia hospitali. Mtu anaambiwa "Jumatatu uje tukuanzishie" bila kuelezwa sababu, naye ameshasikia kwamba uchungu wa dripu unauma zaidi, kwamba utafungwa kitandani, kwamba mwisho wake ni kisu. Anaona bora ajaribu mwenyewe Jumapili usiku. Hofu ya kisu, kwa sehemu kubwa, haina msingi: katika jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2018, lenye wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na tatizo, walioanzishiwa wiki ya 39 walipasuliwa kwa asilimia 18.6, na waliosubiri kwa asilimia 22.2. Hofu ya maumivu na ya kulazwa kwa muda mrefu ni ya kweli, hasa pale shingo ya kizazi ikiwa bado ngumu, na daktari anayeipuuza anamsukuma mwanamke kwenye chupa ya mafuta.

Kusubiri nako kuna gharama. Nchini Sweden, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilikatishwa kabla ya wakati kwa sababu watoto sita wa kundi lililosubiri hadi wiki ya 42 walikufa, na katika kundi lililoanzishiwa wiki ya 41 hakufa hata mmoja. Ndiyo maana kliniki nyingi zinataka kuanzisha mimba inapotimiza wiki 41. Huyo wa wiki 41 angepaswa kuambiwa habari hiyo kwa lugha anayoielewa, na pia kwamba ipo njia ya katikati: mkunga, kwa kidole chake, anaweza kuutenganisha utando wa chupa na shingo ya kizazi wakati wa kupima njia. Inauma kidogo, inaweza kutoa damu kidogo, na inapunguza idadi ya wanaohitaji kuanzishiwa kwa dawa.

Linalonisumbua kuliko dawa yenyewe ni siri. Mwanamke amekunywa kitu usiku, uchungu umekuja mkali, anafika hospitali akijua kwamba akisema atafokewa. Ananyamaza. Nesi anapima, anaona njia haifunguki haraka, na bila kujua anatundika dripu ya oksitosini juu ya dawa ambayo bado inafanya kazi mwilini. Hapo ndipo uchungu unapopita mara tano ndani ya dakika kumi. Hili haliwezi kuwekwa kwenye shingo ya mama peke yake. Mkunga anayempokea anaweza kuuliza "Umetumia nini, na saa ngapi?" kwa sauti ile ile anayoulizia jina na umri. Akijibiwa kwamba ni mafuta ya nyonyo, saa nne usiku, anatega sikio kwenye moyo wa mtoto mapema zaidi, anaanza na maji ya kurudisha yaliyopotea kwa kuharisha, na chupa ya oksitosini anaiacha kabatini kwanza.