Tusiwaambie hawana lojiki

Wiki iliyopita kijana ninayemsaidia kujifunza programu alinitumia ujumbe saa tano usiku: "Kaka, naacha. Mwalimu kasema sina lojiki." Nikamwomba anitumie msimbo wenyewe.

Kazi ilikuwa kutafuta namba kubwa kuliko zote kwenye orodha. Kaandika `kubwa = 0`, kisha lupu, yaani maagizo yanayojirudia, inayopita kila namba; ikikuta inayozidi `kubwa`, inaiweka humo. Mwalimu akaijaribu kwa -7, -3 na -12. Programu ikajibu 0, namba ambayo hata haimo kwenye orodha.

Jamani, lojiki imekosekana wapi hapo? Lupu iko sawa, ulinganisho uko sawa. Kilichoharibu ni mstari wa kwanza tu. Na sifuri ile aliitoa wapi? Somo lililotangulia alifundishwa kujumlisha, na ukijumlisha unaanza na sifuri. Aliona kazi mbili zinafanana, akatumia anachokijua. Kichwa chake kilikuwa tayari kinatafuta ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia. Hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni mbili tofauti.

Hili linaniuma kwa sababu sisi wakongwe tumesahau tunavyosoma. Mistari mitano ile siioni kama mistari mitano, naiona kama kitu kimoja. Mwaka 1973 watafiti Chase na Simon walionyesha jambo hili kwenye sataranji: bingwa akitazama ubao wa mchezo halisi kwa sekunde chache, anaupanga upya kwa sehemu kubwa, lakini kete zikitawanywa ovyo, ubingwa wake haumsaidii sana. Mwaka 1981 watafiti wengine wakajaribu vivyo hivyo kwa programu, na mistari ilipochanganywa wakongwe hawakuwazidi wanaoanza. Kumbe tofauti ni ruwaza ambazo macho yamezizoea. Basi kwa nini tunamfundisha mtu masharti, lupu na funksheni, halafu ruwaza zenyewe tunamwachia azigundue gizani?

Zipeni majina. Mtafiti Jorma Sajaniemi wa Finland alionyesha kwamba majukumu yasiyozidi kumi yanatosha kueleza karibu vigeu vyote (majina yanayobeba thamani, kama `kubwa`) vya programu za wanaoanza. Mimi majukumu hayo nayaita kwa majina yangu. Kikapu hukusanya, kwa hiyo huanza kitupu: sifuri kwa kujumlisha, moja kwa kuzidisha. Bendera huashiria kama jambo fulani limetokea; huanza ikiwa chini, na ikishapanda haishuki. Bingwa, yaani anayewazidi wote hadi sasa, lazima awe mmoja wa washindani, ndiyo maana unaanza na namba ya kwanza ya orodha, na kila anayefuata anapambana naye. Orodha ikiwa tupu hakuna mashindano, kwa hiyo hilo liangalie mapema.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtu akikariri majina bila kuandika msimbo kwa mkono wake hafiki popote. Na wanaonakili majibu yaliyo tayari wanajinyima mazoezi hayo hayo. Lakini "andika tu, utazoea" si ufundishaji.

Usiku ule tulizungumza dakika ishirini, nyingi zikiwa za kumtuliza. Juzi akanitumia kazi nyingine: kutafuta neno refu kuliko yote kwenye sentensi. Kaanza na neno la kwanza la sentensi, na juu ya mstari huo kaacha maelezo mafupi: "huyu ni bingwa, bado hajapigwa".