Dengi ikirudi Tanga, mizani nayo itoke kabatini

Mwaka 2019 homa ya dengi ilipoilemea Dar es Salaam, mkoa uliofuata kwa wingi wa wagonjwa ulikuwa wetu. Nchi nzima walithibitishwa wagonjwa zaidi ya 6,000. Sehemu ya Tanga ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ya Dar, lakini ukipita Ngamiani au Makorora hukukosa kusikia mtu analalamika viungo na maumivu ya nyuma ya macho. Tukahimizwa tumwage maji kwenye matairi, tusiache vifuu vya nazi vikikinga mvua uani, tujihadhari na mbu wa mchana. Yote hayo yalikuwa sahihi. Swali moja tu sikulisikia likiulizwa wakati ule, na mpaka leo silisikii: wale waliozidiwa, walikuwa na kilo ngapi?

Nauliza kwa sababu jibu lake linaweza kubadili matibabu. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti za dengi na uzito, nyingi zikiwa za Asia. Ulionyesha kwamba uwezekano wa kupata dengi kali kwa watoto wenye kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi, ulikuwa juu kwa 38% kuliko kwa wenzao. Dengi haina dawa ya kuua kirusi. Tiba yake ni maji, na maji hayo yanahitaji hesabu. Hatari kubwa huja homa inapoanza kushuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ndugu wanaanza kupumua wakidhani mambo yamekwisha. Hapo mishipa midogo huvujisha maji ya damu, presha ikaanguka, tumbo likauma, mgonjwa akatapika mfululizo, akalegea. Daktari anatakiwa arudishe maji kwa kiasi: akitoa kidogo mgonjwa anaingia kwenye shoku, damu haimfikii vizuri mwilini, akizidisha maji yanajaa kwenye mapafu. Kiasi hicho hupigiwa hesabu kwa kilo. Na kwa mtu mnene, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema usitumie kilo zake halisi, tumia uzito ambao mtu wa urefu wake angestahili kuwa nao. Maana yake ni kwamba bila urefu na uzito, anayefungulia dripu anakisia.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima mwenye mwili wake, alilazwa mwaka ule kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Muuguzi alimuuliza, "Mama, una kilo ngapi?" Akajibu, "Mwanangu, mara ya mwisho kupanda mizani nilikuwa na mimba ya kitinda mimba wangu." Kitinda mimba mwenyewe ndiye aliyekuwa amemleta hospitali kwa bodaboda. Muuguzi akaandika anachoandika, dripu ikafunguliwa. Mama alipona, tunamshukuru Mungu, na wauguzi wale walikuwa wamezidiwa na watu hadi kwenye korido, kwa hiyo siwatupii lawama. Ila jibu lake linaeleza jinsi tunavyoishi. Katika vituo vyetu mizani ni ya mjamzito na ya mtoto chini ya miaka mitano. Mtoto ana kadi yenye mchoro, kila mwezi anawekewa nukta, na mama akiona mstari umeshuka anaingiwa na wasiwasi. Akishavuka umri huo, hakuna anayemuuliza tena kilo zake mpaka aanze kuumwa kisukari au presha.

Hata mashine ya presha inatudanganya. Ule mkanda wa mkononi, kama ni mdogo kuliko mkono wa mgonjwa, husoma presha juu kuliko ilivyo. Sasa fikiria mgonjwa wa dengi ambaye presha yake inaporomoka, amefungwa mkanda usiomtosha, na mashine inaonyesha namba nzuri.

Haya ya uzito na maambukizi yaligunduliwa kwa mtu kupima, tena si zamani sana. Kabla ya 2009 kiribatumbo hakikuhesabiwa kuwa hatari inayojitegemea kwa mgonjwa wa mafua. Mwaka huo mafua ya H1N1 yalipozuka, hospitali moja ya Michigan, Marekani, ilikuwa na wagonjwa 10 mahututi kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Tisa kati yao walikuwa na BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 au zaidi, ambayo ndiyo kiribatumbo, na saba kati ya hao tisa walifika 40 au kupita. Kumi ni wachache, huwezi kujenga sera juu yao. Lakini waliwapima, wakaandika, wakatangaza upesi, na nchi nyingine zikaanza kuangalia kwao. Miaka 11 baadaye, korona ilipofika Lille, Ufaransa, madaktari walikuwa wanajua wapi pa kutazama. Kati ya wagonjwa 124 waliolazwa uangalizi maalumu, karibu nusu walikuwa na BMI ya zaidi ya 30, na kadiri uzito ulivyopanda ndivyo uhitaji wa mashine ya kupumulia ulivyopanda.

Sisi mwaka huohuo, Mei 2020, takwimu zetu za korona ziliacha kutangazwa. Mwaka uliofuata tukazika watu wazima wengi, na matangazo ya misiba yakawa yanataja changamoto ya upumuaji. Wengi wetu tuliwaona marehemu kwa macho, tunajua nani alikuwa na mwili mkubwa, nani alikuwa na sukari. Ila kumbukumbu za msibani hazimsaidii daktari. Watu waliondoka na hatukubaki na hata somo la kuwafaa walio hai, na hilo bado linaniuma.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka kiasi. Mafuta ya tumboni hayakai tu yakisubiri njaa. Hutoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya uvimbe wa chini chini muda wote, hivyo kirusi kinapoingia kinga inakuwa imeshachoka au inawaka kupita kiasi. Tumbo kubwa hukisukuma juu kiwambo cha kupumulia, na mtu akilala chali sehemu za chini za mapafu hazijai hewa. Chanjo nazo zinaguswa. Tangu miaka ya 1980 iliwahi kuonekana kwamba wafanyakazi wa hospitali wanene walitengeneza kinga hafifu baada ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Sababu mojawapo inayotajwa ni ndogo na inarekebishika: sindano fupi huishia kwenye mafuta badala ya kufika kwenye msuli. Ndiyo maana Marekani mwanamke wa zaidi ya kilo 90 hupendekezewa sindano ya milimita 38 badala ya ile ya 25.

Hapa najua kuna msomaji anayesema: basi, unene ni hatari, tuwaambie watu wapungue, utafiti wa nini tena? Haiwi rahisi hivyo. Chukua kifua kikuu, ambacho Tanga tunakifahamu vizuri kuliko dengi. Tafiti nyingi zinaonyesha mtu mwembamba ndiye huugua TB zaidi, na hatari hupungua uzito unavyopanda. Lakini unene huohuo ukileta kisukari, kisukari huzidisha hatari ya TB mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo mwili mkubwa unaweza kukukinga kwa upande mmoja na kukufungulia mlango upande wa pili, na ugonjwa mmoja hautabiri mwingine. Mtu anayekwambia anajua tayari jinsi uzito utakavyocheza kwenye mlipuko ujao anabahatisha.

Wala si salama kuazima majibu yote ya ng'ambo. Dawa ya ARV iitwayo dolutegravir tulianza kuitumia kwa wingi hapa nchini 2019, na ni dawa nzuri, imeokoa watu. Lakini picha kamili ya namna inavyoongeza uzito, hasa kwa wanawake, ilipatikana katika majaribio mawili ya Afrika yaliyochapishwa mwaka huohuo, ADVANCE la Afrika Kusini na NAMSAL la Kameruni. Majaribio ya awali, yaliyofanyika zaidi Ulaya na Marekani na yenye wanawake Waafrika wachache, hayakuionyesha kwa kiwango hicho. Au chukua kipimo cha kiuno. Viwango vya shirikisho la kimataifa la kisukari vinasema sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ni dalili ya hatari. Ukitafuta viwango vya Waafrika wa kusini ya Sahara katika jedwali hilo, unakuta maelekezo ya kutumia vya Wazungu mpaka data zetu zitakapopatikana. Maelekezo hayo ni ya 2006. Tumesubiri nini?

Sitaki haya yageuke fimbo ya kuwachapia watu wanene. Sisi Pwani mtu akikutana nawe baada ya muda akasema "mashallah, umenawiri", amekupongeza. Na yapo majeraha ya zamani pia: miaka ile UKIMWI unatumaliza, kukonda kulikuwa tangazo, mtaa mzima ulikuwa unakunong'ona, na wapo wanawake hadi leo wanaogopa kupungua kwa sababu ya maneno. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta 28% ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, na ule wa 2022 ukaonyesha tumepanda tena. Hawa ni mama zetu, dada zetu, wake zetu. Wanauza mbaazi na mahamri alfajiri, wanakaa dukani kutwa, mji ambao zamani ulijulikana kwa baiskeli sasa kila safari ni bodaboda, na jioni chipsi mayai ndiyo chakula kilicho karibu na cha bei nafuu. Ukimpandisha mtu huyo mizani mbele ya foleni na kutamka kilo zake kwa sauti, umemfukuza, na mlipuko ukija atabaki nyumbani anakunywa dawa za maumivu za dukani. Kwenye dengi hizo ni hatari: diklofenaki na aspirini huongeza kutoka damu, paracetamol peke yake ndiyo ya kutumia. Pazia na sauti ya chini havigharimu chochote.

Nimeshaambiwa kwamba wakati wa mlipuko hakuna nafasi ya kupima kila mtu. Mbona tumeshapima mikoa mizima? Kwenye ugawaji wa dawa za usubi, matende na kichocho, wagawaji wa vijijini, watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi, humsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama na kumpa vidonge kwa urefu wake. Muheza wanaijua fimbo hiyo, Korogwe wanaijua. Kupima urefu kunachukua muda mfupi kuliko kuandika jina la mtu na la mtaa wake.

Na utafiti wenyewe si mgeni kwetu. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, pamoja na wenzetu wa Bagamoyo. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo hapa Tanga na kingine cha Amani. Wapo watafiti, wapo wauguzi wanaojua kuomba ridhaa ya mgonjwa kwa lugha anayoielewa, na wapo wazazi waliopeleka watoto wao kwenye majaribio na kuona matunda yake. Kinachokosekana ni kuwa tayari kabla ya siku ya kwanza. Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi inayoua, tarehe 27 Septemba 2024, na haikupita siku kumi jaribio la chanjo likawa limeanza Kigali. Wagonjwa walikuwa 66, waliofariki 15, idadi ndogo kwa ugonjwa ambao Bukoba mwaka 2023 uliua sita kati ya tisa. Sisemi chanjo ndiyo iliyowaokoa, matunzo ya wagonjwa yalikuwa mazuri pia. Nasema walikuwa na watu wa kuidhinisha haraka itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, nasi tunaweza kuwa na itifaki ya dengi iliyokwishapita kwenye kamati ya maadili, ikisubiri mvua za masika.

Ndani ya itifaki hiyo ningependa watu wanene wasiachwe nje. Majaribio mengi huanza na watu wazima wenye afya njema, na mwenye kisukari, presha au uzito mkubwa huondolewa mlangoni. Naelewa sababu za usalama katika hatua za mwanzo. Lakini dawa au chanjo ikifika hatua ya kupewa umma, umma wa Tanga ndio huo, na kipimo cha dawa kilichowekwa kwa mtu wa kilo 60 lazima mtu athibitishe kama kinamtosha wa kilo 105.

Fomu ya mlipuko huuliza umri, jinsia, makazi na siku homa ilipoanza. Naomba iongezwe mistari mitatu: uzito, urefu, mzunguko wa kiuno. Kwa asiyeweza kusimama, upimwe mzunguko wa mkono kwa utepe. Sukari ya damu ipimwe siku ya kulazwa. Na karatasi hizo zisiishie kwenye boksi la hospitali. Zifike kwa watafiti wa hapahapa Tanga wakati wagonjwa bado wako wodini, ili daktari wa zamu anayefungulia dripu wiki ya pili ya mlipuko ajue kitu ambacho wa wiki ya kwanza hakukijua.