Shule Zimefungwa, Sisi Wazee wa Pedi za Gemu Twende Wapi?

Hivi mlijua shule zimefungwa? Mimi sikuambiwa na mtu. Nimeambiwa na risasi ya kisogoni ndani ya gemu ya mtandaoni leo saa nne asubuhi, ikifuatwa na kisauti chembamba: "Lala, mzee!"

Muhula mzima nimekuwa mtu wa heshima kwenye gemu ile. Asubuhi seva, ile kompyuta inayotukutanisha wachezaji, huwa na watu wazima watupu: walinzi waliotoka zamu, wenye watoto wachanga, na wale tunaosema tunafanyia kazi nyumbani. Tunakosa shabaha kwa adabu, tunaombana radhi. Majira ya joto yakiingia tu, watoto wanamwagika kama siafu. Wamelala wakashiba usingizi, hawana bili, hawana mgongo, na vidole vyao havijawahi kusaini mkopo.

Mechi iliyofuata nikapangwa timu moja na mmoja wao. Heri upangwe dhidi yao, unakufa mapema unapumzika. Huyu alikuwa kapteni. Nani alimchagua? Yeye. Maiki wazi, katuni ya mdogo wake inaimba nyuma, na yeye anatafuna kitu kikavu ndani ya sikio langu.

"Mzee, panda paa."

Nikapanda.

"Siyo hilo."

Nikashuka.

"Mzee, nipe dawa."

Dawa ilikuwa moja, na aliyekuwa anachuruzika damu ni mimi. Nikamweleza, kwa sauti ninayotumia vikaoni, kwamba kwa utaratibu, mdogo humpisha mkubwa. Akajibu: "Lakini wewe ukipona utafanya nini?" Nikampa. Sikuwa na jibu.

Tumebaki watu wanne wa mwisho, duara la eneo salama linazidi kufunga, nikasikia mlango wa kwao.

"Hivyo vyombo nilikwambia saa ngapi?"

Mimi mwenyewe niliachia pedi. Sauti ile haichagui mtoto wa nani.

"Mama, siwezi kusimamisha, iko laivu."

Hapo nilimwonea huruma kweli. Mechi ya mtandaoni haina kitufe cha kusimamisha, na hili nimelieleza kwa watu wazima wengi, mmoja wao nimefunga naye ndoa, bila mafanikio.

"Unaongea na nani humo?"

"Mwenzangu."

"Mwenzako wa darasa gani?"

Kimya. Zikafuata kwaruzo, kisha sauti ikahamia sikioni kwangu. "Haloo? Wewe mtoto wa nani?"

"Shikamoo, mama," nikajisikia nasema.

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko... kwake."

"Kwake? Una miaka mingapi wewe?"

Nikataja. Kimya kirefu. Pembeni mtoto anacheka mpaka anakohoa.

"Baba," akasema, sasa kwa upole wa kumsemesha mgonjwa, "huendi kazini?"

"Niko likizo, dada."

"Na mke unaye?"

"Ninaye."

"Anajua?"

Nikiwa natafuta namna ya kujieleza, tukapigwa risasi sote wawili. Mama akamrudishia mwanawe hedfoni: "Kaoshe vyombo. Na huyo baba mwambie akaoshe vya kwake."

Nikaviosha. Si kwa ajili yake. Vilikuwa vingi tu.

Tuache hilo, tuje kwenye joto. Mtu unakimbilia ndani kukwepa jua, halafu unawasha mashine inayokupulizia hewa moto magotini. Mashine za gemu kama PlayStation 5 na Nintendo Switch, watengenezaji wameandika kabisa: zitumike kati ya nyuzi joto 5 na 35. Mimi sijaandikiwa popote. Feni tunayo moja. Chipu ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe, picha zinaanza kukatakata, basi feni inageuziwa mashine. Na mimi nikipata moto napunguza kasi, tena nakatakata, lakini sijaona wa kunigeuzia.

Ucheze simu nje? Jua likipiga kioo unaona uso wako tu, tena umenuna. Julai 2016 Pokémon GO, gemu ya simu ya kusaka vikaragosi mitaani, ilitoa watu nje makundi kwa makundi, wakasifiwa kwamba wanafanya mazoezi. Leo nikizunguka na simu mkononi naulizwa nimepoteza nini.

Halafu kuna punguzo la majira ya joto la Steam, duka la gemu la mtandaoni, huangukia mwishoni mwa Juni. Nanunua gemu za kucheza nikipata muda. Pesa unarudishiwa kama hujafikisha saa 2 za kucheza na siku 14 tangu ununue hazijapita. Lile sharti la saa nalitimiza vizuri mno, maana sizifungui kabisa. Ni zile siku 14 zinazonishinda.

Na gemu mpya kubwa? Nyingi zinawekewa Septemba na kuendelea, ziuzwe kuelekea sikukuu. Grand Theft Auto V ilitoka Septemba 17, 2013. Septemba! Watoto wamerudi darasani, seva imetulia, na mimi niko ofisini nasikiliza mtu akisoma kwa sauti maandishi yaliyoko ukutani.

Nimejaribu kujitenga. Stardew Valley, gemu ya peke yangu, kilimo, amani, hakuna wa kunitukana. Kiangazi cha humo kina siku 28 tu, kinaisha bila ubishi. Nikawa namwagilia nyanya, mke wangu akasimama nyuma yangu na kikapu cha nguo.

"Zimeota vizuri," akasema. Kisha akatazama dirishani, kwenye kile chungu chetu chenye kijiti.

Mwaka jana jamaa mmoja alinishauri nihamie seva za Australia, kwamba Juni, huku kwetu kukiwa joto, kwao ni baridi na watoto wako shule. Nikaona ana akili. Nikaingia. Kwa umbali ule, risasi yangu ilikuwa inafika nikiwa nimeshakufa. Ilipofika Julai wakafunga shule na wao, eti wiki mbili za katikati ya baridi. Ile likizo yao ndefu inaanza Desemba, ambapo wa huku nao wamefunga kwa sikukuu, kwa hiyo wanakutana wote. Aliyepanga kalenda hizi ama hachezi gemu, ama ana miaka 12.