Umeshusha gari, sasa inajiendesha yenyewe

Watu wakishashusha Subaru Impreza ya mbio wanaona kazi imeisha. Koilova, yaani springi na shokabu za kurekebisha kimo, ziko ndani, gari imelala chini inapendeza, halafu wakiingia kona yenye vibonde usukani wameushika sawa lakini pua inaenda kule inarudi huku, basi wanalaumu tairi, wanarudi kwa alaimenti, kule kupanga pembe za tairi. Mimi nililipia alaimenti mara tatu, usicheke.

Hiyo ndio bampi stia, tairi kujigeuza yenyewe ikipita kibonde, na mashine ya alaimenti haitaiona kwa sababu inapima gari ikiwa imetulia, na shida iko pale tairi inapopanda na kushuka. Lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika tairi, inazunguka kwa njia yake na tairodi, fimbo inayogeuza tairi, kwa yake, kiwandani zilipangwa ziende karibu sambamba. Ukishusha gari zote mbili zinainuka upande wa tairi na ule mpangilio unavurugika. Kwa Impreza raki, ile boksi ya usukani inayosukuma tairodi, iko nyuma ya eksili, kwa hivyo tairodi ikivuta kuliko amu, nyuma ya tairi inaingia ndani, mbele inafunguka, yaani inaelekea nje. Na hapo uko kwa breki, pua imelala na tairi imepanda, bana.

Kinachoniudhi zaidi ni hizi bolijointi ndefu, jointi za kuunga amu na upande wa tairi. Mtu ananunua, anarudisha amu chini vizuri, tairodi anaiacha juu kama ilivyokuwa, yaani ameongeza shida kwa pesa yake mwenyewe. Vitu hivyo vinaenda pamoja, ukigusa kimoja gusa na kingine.

Dawa ni kupima kabla ya kununua chochote. Weka kwanza kimo cha gari, na kasta na kamba, yaani pembe za mlalo wa tairi, unazotumia siku ya mbio, toa springi, funga usukani ukiwa katikati, bandika ubao ulionyooka kwa habu, pale tairi inapofungwa, halafu inua kwa jeki sentimita moja moja, ukipima mbele na nyuma ya ubao zimesogea kiasi gani, kisha shusha vilevile. Kazi ya mchana mzima na inachosha. Ukiona namba zinaenda mstari mmoja, kupanda zinafunguka na kushuka zinafunga, kimo cha tairodi ndio kibaya. Zikijikunja, yaani juu na chini zote zinaenda upande mmoja, basi ni urefu wake.

Yangu ilifunguka karibu milimita 6 kwa sentimita 5 za kupanda. Niliweka rodi endi, jointi ya chuma ya mwisho wa tairodi, na spesa ya milimita 15 kushusha mwisho wa tairodi, ikabaki chini ya milimita 1. Ungeweza pia kuinua raki, lakini hiyo ni kazi ya kukata na kuchomelea, mimi sikutaka.

Spesa usirundike, bolti ikiwa ndefu sana inapinda, na mkono wa stia, ule tairodi inapofungwa, usiuchome moto ukijaribu kuukunja, hata fundi akikuapia. Halafu rodi endi haina buti ya mpira kama ile ya kiwandani, vumbi linaila haraka, kwa hivyo kila baada ya mbio mimi huinua gari na kutikisa hiyo rodi endi kwa mkono, na ikilegea hata kidogo naitupa.