Twiga Alijisaidia Wapi?

Miaka minne nimekaa chini naandika riwaya moja. Nimeota sugu kwenye kidole, macho yamepungua, mke wangu amezoea kuongea na kisogo changu. Kitabu kikatoka, nikasubiri. Msomaji wa kwanza kuniandikia akaniandikia hivi: "Shikamoo mwandishi. Kitabu nimekimaliza. Naomba kuuliza, huyo twiga alikuwa anajisaidia wapi?"

Marahaba, mwanangu.

Ngoja nieleze, maana msiosoma mtadhani nimeandika kitabu cha watoto. Mwaka 1415 ujumbe wa watu wa Malindi ulifika China na zawadi ya mfalme Yongle: twiga mzima, anapumua, na shingo yake yote. Wachina wakamtazama wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wao wa heri wa kwenye masimulizi ya kale, asiyeonekana ila zama za mtawala mwadilifu. Hilo limetokea na limeandikwa. Kazi yangu mimi ilikuwa kuziba mapengo tu: nani alishika kamba, nani aliogopa, nani alimpenda binti wa nani humo chomboni. Huyo binti nimempa kurasa sitini. Nililia mwenyewe nilipokuwa naziandika.

Binti hakuulizwa. Aliulizwa twiga.

Alikula nini? Majani ya migunga, mafungu kwa mafungu, na mkubwa wao anaweza kumaliza zaidi ya kilo thelathini kwa siku, ndiyo maana nikapakia ndama. Kwa nini ndama? Kwa sababu mkubwa anafika mita tano, ningemwekea wapi, juu ya mlingoti? Na huyo ndama msimdharau. Twiga siku anayozaliwa ana kama mita moja na themanini. Ametoka tumboni asubuhi, mchana ananitazama utosini.

Halafu watu wanasema sikufanya utafiti! Nilitaka kujua chombo kikiyumba shingo inakwendaje. Nikajifunga ufagio mgongoni, nikapiga magoti na mikono juu ya godoro, nikamwambia mwanangu atikise kama mawimbi. Tuko katikati ya bahari, mimi natoa sauti za upepo, jirani akafungua mlango, alikuja kuazima ngazi. Alisimama. Akaangalia ufagio, akaangalia mtoto, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Ngazi hajaichukua mpaka leo na salamu ananipa kwa mbali. Shingo ya twiga ina pingili saba tu, sawa na yangu na yako. Zangu zote saba ziliniuma wiki nzima.

Sasa baada ya mateso hayo anakuja mtu anakwambia: "Mwandishi, hapo kwa twiga kwenda China umetia chumvi. Umetuona watoto." Sawa. Lakini huyohuyo anaendelea: "Ila pale nahodha Kombo anapomuuzia tajiri mchanga uliopakwa rangi ya dhahabu, hapo nimekukubali. Ile historia naijua."

Anaijua! Mimi nimeitunga Jumanne usiku umeme umekatika, yeye anaijua. La kweli hawalitaki, la uongo wamelikuta tayari wanalo nyumbani.

Lakini hao bado ni watu wema. Yuko mwalimu mmoja mstaafu, jina lake silitaji, nikilitaja atalisahihisha. Barua yake ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: "Ukurasa wa 23 nahodha ametandaza ramani mezani. Meza kaipata wapi?"

Nikamjibu kistaarabu kabisa: kwa seremala.

Akarudi. "Bwana mwandishi, sikuulizi mbao, nakuuliza neno. Meza ni neno la Wareno. Vasco da Gama kafika Malindi Aprili 1498. Nahodha wako anasafiri 1414. Kafundishwa na nani?"

Nikakaa. Kiti ni neno letu la asili, kwa hiyo kukaa nilikuwa bado naruhusiwa. Nikafungua mswada nikaanza kuhesabu. Meza, thelathini na moja. Bendera mlingotini, Kireno. Leso aliyofutia machozi yule binti wangu, Kireno. Gereza alimolala Kombo, Kireno. Kasha la lulu, nalo vilevile. Vasco da Gama alikuwa hajazaliwa na mimi tayari nimeshamkopa samani za nyumba nzima.

Toleo la pili nikalipitisha kwenye moto. Ramani ikashuka mkekani. Binti akafuta machozi kwa kiganja. Mlingotini kikapepea kitambaa. Kombo akafungiwa "mahali ambapo mtu hatoki akitaka." Nikampelekea mwalimu kwa mikono miwili. Akajibu: "Maendeleo mazuri. Sasa ukurasa wa 88, muhogo."

Muhogo kwao ni Amerika. Mahindi kadhalika, nanasi kadhalika, hata pilipili hizi zinazotutoa jasho. Hakuna aliyeviona huku kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Basi mabaharia wangu niliokuwa nimewalisha vizuri sura nzima ikabidi niwatapishe, nikawarudisha kwenye mtama.

Akaja ukurasa wa 140, kiberiti. Hapo nilifurahi, nisifiche. Nikasema leo umeingia mwenyewe, mzee. Kiberiti ni neno la Kiarabu, la kale hasa, maana yake salfa, na Waarabu walikuwa kwenye bahari hii kabla ya babu wa babu yake Vasco. Nikaandika jibu refu, nikaweka na kicheko kidogo mwishoni. Akanijibu siku hiyohiyo: "Neno lipo. Njiti ya kusugua ikawaka kaitengeneza Mwingereza John Walker mwaka 1826. Baharia wako ataisubiri miaka 412. Taa yake naona imeshawaka."

Sasa niambieni mtu aandikeje. Ubao wa kuwekea vitu ulikuwepo, neno meza halikuwepo. Neno kiberiti lilikuwepo, kiberiti hakikuwepo. Nikaona nimjibu kwa mkubwa. Nikamwambia hata Shakespeare, kwenye tamthilia ya Julius Caesar, watu wako Roma ya kale wanapanga njama, mara saa inagonga tatu, na Roma ile haikuwa na saa za kugonga. Na Mwalimu Nyerere amekaa akaitafsiri kwa Kiswahili, tena mtu mwenye nchi ya kuongoza, wala hakumburuza Shakespeare popote.

Akajibu: "Ukishafika alipofika Shakespeare utanijulisha."

Huyo nilikuwa bado namuuguza moyoni, Jumapili alfajiri simu ikalia. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kupigana kelele na upepo.

"Wewe ndiye uliyeandika kitabu cha twiga?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umewahi kusafiri na chombo?"

"Nimewahi, mzee."

"Chombo gani?"

"Kivuko."

Kimya. Kimya kirefu, nikadhani salio limekwisha. Kisha: "Kitabuni umeng'oa nanga Malindi mwezi wa kwanza, tanga juu, unakwenda kaskazini. Mwezi wa kwanza kunavuma kaskazi. Kaskazi inatoka kaskazini, mwanangu. Inawaleta watu huku. Wewe umewapeleka kule. Walishuka wakakisukuma?"

Nilitaka kusema ni riwaya. Neno likakwama. Mtu aliyekula chumvi baharini miaka yote hiyo humwambii ni riwaya. Nikamwuliza, baba, wangeondoka lini? Akasema wangoje kusi ianze, mwezi wa nne, wangeteleza kama siagi. Nikamshukuru, nikachukua kalamu, nikasogeza safari kutoka Januari hadi Aprili. Neno moja tu nimefuta, nimeandika jingine. Nikalala usingizi mzuri.

Nilichosahau ni harusi. Yule binti wangu wa kurasa sitini aliolewa usiku wa kuamkia safari. Safari iliposogea, na harusi ikasogea nayo, kutoka mwisho wa Desemba hadi mwisho wa Machi. Mtoto hakusogea. Mtoto nilimwacha palepale, Septemba, sura ya kumi na tisa, kazaliwa mnene, analia mpaka abiria wa tezi wanamsikia.

Wakaniandikia akina mama watatu, wasomaji wa pamoja. "Mwandishi hujambo. Tumehesabu kwa vidole, tumerudia mara mbili. Machi mpaka Septemba. Na wewe ukurasa wa 12 umesema binti huyu alilelewa kwa adabu. Tunaomba ufafanuzi, na pia tungependa kujua baba ni yupi."

Kwa hiyo ndiyo, hatimaye binti ameulizwa.

Nimewajibu kwamba ni kosa la upepo. Hawajaridhika. Mmoja wao ameniambia sababu hiyo aliwahi kuisikia kwa mtu wa kwao.

Wanafunzi nao sitawasahau. Hawa hawaulizi kwa kuwa wanataka kujua, wanauliza kwa kuwa kesho asubuhi wanakusanya kazi. "Naomba dhamira sita na mifano, tafadhali fanya haraka." Mmoja aliuliza kilemba cha nahodha kwa nini ni cha rangi ya samawati, kinaashiria nini. Nikamwambia ukweli: ukurasa wa nyuma yake nilikuwa nimetumia nyeupe, nikaona nibadilishe. (Samawati nayo imetoka kwa yule mwalimu. Mwanzoni niliandika bluu, Mungu anisamehe.) Kijana akajibu: "Asante sana, nimeandika kinaashiria matumaini ya mnyonge." Akapata alama nzuri. Nikabaki nawaza labda ni kweli.

Wanaoomba nakala ya bure ya PDF siwazungumzii. Huwa wanaanza na "wewe ni hazina ya taifa." Ukiona umeitwa hazina, jua kuna mtu anataka kuchota.

Nirudi kwa Kombo, maana Kombo ndiye ananinyima usingizi sasa hivi. Kombo, nawaapia, sikumkuta kwenye kumbukumbu yoyote. Jina nilichukua la fundi aliyekuja kutengeneza bomba, tabia nikachukua za mjomba wangu, ulaghai nikatia wa kwangu mwenyewe. Mwezi uliopita nikapata barua, muhuri chini. "Sisi ni ukoo wa Nahodha Kombo. Tumehuzunishwa na jinsi ulivyomwonyesha babu yetu kuwa mlaghai. Babu hakuwahi kupaka mchanga rangi."

Nikajibu kwa heshima zote. Wazee wangu, huyu mtu sikumsoma popote, nimemtunga.

Wakajibu: "Hata sisi tulishangaa umempataje, kwa sababu habari zake hazijaandikwa popote."

Wiki iliyofuata wakaja. Wazee watatu na kijana wa kushika karatasi. Wakaitandaza, ikafunika mimi na kochi. Nasaba nzima, mistari kwa rula, na juu kabisa kwa wino mwekundu: KOMBO, NAHODHA. Chini yake watoto wanne, wajukuu, vitukuu, mpaka kijana aliyeshika karatasi, yuko pembeni kwa penseli. Mzee mmoja akanigusa goti. "Mwanangu, ya dhahabu yamepita, tumesamehe. Tumesikia unaandika kitabu cha pili."

"Ndiyo, baba."

"Babu anafanyaje humo?"

Sasa mimi Kombo nilikuwa nimeshamzamisha. Sura ya pili, dhoruba, mkono mmoja unabaki juu ya maji, halafu haupo. Ndio ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nikamtazama mzee, machozi yanamlengalenga, anasubiri kuambiwa kama babu yake ni mzima. Nikasema anaendelea vizuri. Tukajadiliana mpaka jioni. Tumekubaliana atafia nchi kavu, uzeeni, amezungukwa na wanawe, na mchanga ule itasemwa ulipakwa rangi na mtu mwingine.

Nikadhani yameisha. Juzi barua, mwandiko naufahamu hata kabla sijafungua, ule unaoegemea kulia kama unakwenda kukushtaki.

"Bwana mwandishi. Katika uchunguzi wangu nimebahatika kuiona nasaba ya Nahodha Kombo, imehifadhiwa na watu wa ukoo wake. Alikuwa na watoto wanne. Wewe umeandika watatu. Utafiti wako ni hafifu."

Nimemwongeza wa nne. Ni msichana, mcheshi, nimempa na pengo la jino la mbele. Yuko sura ya pili pale ilipokuwa dhoruba, amekaa mkekani na sahani yake mapajani, anawasubiri Wareno walete meza.