Baba Mdogo Hakufa kwa Risasi

Ukoo wetu wa Mufindi, mkoani Iringa, umeamua mwaka huu kujengea makaburi ya wazee kwa saruji, na katika kikao cha kwanza tulikwama mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Mchango tulikubaliana, fundi tulimpata, hata rangi ya vigae haikutuchukua muda. Tulichoshindwa ni maneno ya kuandika kwenye kibao cha baba yangu mdogo, ambaye hakuzikwa pale. Yeye amelala Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa Vita vya Kagera, siku mbili za basi kutoka kwetu, na kibao chake kitasimama juu ya ardhi isiyo na mtu. Baba mkubwa anataka kiandikwe: "Aliuawa vitani, Uganda, 1979." Nilisema maneno hayo yana makosa mawili, na tangu siku ile natazamwa kwa jicho la pembeni.

Baba mdogo hakuuawa, na hakufika Uganda. Alikufa kwa malaria mnamo Januari 1979, upande wetu wa mpaka, si mbali na Kyaka, wakati kikosi chake kikisubiri amri ya kusonga mbele kuelekea Mutukula. Nilikua nikisikia habari nyingine kabisa. Nilipokuwa mdogo alikuwa ameuawa Masaka, ndani ya Uganda. Baadaye, baada ya mjomba mmoja kusikia redioni masimulizi ya mapigano ya Lukaya ya Machi 1979, kifo chake kilihamia Lukaya, na huko kikapata bunduki, kinamasi na Walibya. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Barua iliyoletwa na watu wa serikali ilisema tu kwamba amefariki akiwa kazini, na nafasi iliyoachwa wazi na barua ile tuliijaza wenyewe.

Aliyeniambia ukweli ni mzee waliyekuwa naye seksheni moja, aliyerudi salama na kuwa mkulima wa viazi. Nilimkuta kilabuni msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nikamwamkia "kamwene", nikajitambulisha kuwa ni mtoto wa nani. Aliweka chini bilauri yake, akaniuliza kama bibi yangu yu hai. Nilipomwambia kwamba alikwisha kufariki, akasema, "Basi naweza kukwambia, mwanangu."

Aliniambia juu ya safari: malori kutoka huku nyanda za juu, kisha treni hadi Mwanza, kisha meli kuvuka ziwa hadi Bukoba, na vijana wa kwetu wakishangaa maji yasiyo na ng'ambo. Aliniambia kwamba kwa wiki nyingi hawakufyatua risasi hata moja. Walichimba mahandaki, yakajaa maji ya mvua, wakayakumba, yakajaa tena; walibeba masanduku ya risasi mahali ambapo lori lilikuwa limezama kwenye tope; walilala kwenye unyevu kando ya mto Kagera, katikati ya mbu. Kisha akasema neno ambalo sikuwa nimelifikiria: "Sisi wa baridi ndio tuliokwisha." Kwetu ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kijana wa Mufindi wa miaka ile alikua akiijua nimonia, akiujua ukungu wa asubuhi na sweta la Julai, lakini hakukua akiumwa malaria mara kwa mara hata mwili ukajifunza kupambana nayo, kama ulivyojifunza mwili wa mtoto wa pwani au wa kando ya ziwa. Homa ilipompata ilimpata kama mgeni. Siku ya kwanza alicheka na kusema ni uchovu, siku ya pili wakampa klorokwini akaitapika, usiku wa tatu malaria ikampanda kichwani, akawa anaongea Kihehe na watu ambao hawakuwapo. Lori la kumpeleka hospitali lilikwama. Hivyo ndivyo alivyokufa, akiwa na miaka ishirini na miwili, na magazini za bunduki yake ya SMG zikiwa zimejaa.

Hesabu inayonukuliwa mara nyingi kuhusu wanajeshi wa Tanzania waliokufa katika vita vile ni 373, na kati yao waliouawa katika mapigano yenyewe hawafiki 100. Waliobaki waliondoka kwa njia ambazo hazisimuliwi, kwa ajali na kwa maradhi. Maana yake ni kwamba baba mdogo, ambaye katika ukoo wetu anaonekana kama shujaa mwenye kasoro inayopaswa kufichwa, ndiye aliyekufa kifo cha kawaida cha vita ile.

Babu zetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilipita hapa hapa. Waingereza waliingia Iringa mnamo Agosti 1916, na kila upande ulikusanya wanaume wa vijiji hivi kubeba mizigo. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walikuwa wengi mno kuliko waliopigwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja katika maandishi yake, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halimo hata moja, lakini hilo ni la siku nyingine.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, natazama kwenye runinga Rais akiweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi akiweka sime, mzee akiweka upinde na mishale, meya akiweka shoka. Naipenda sherehe ile na sitaki ibadilishwe. Hata hivyo, kila nikiitazama huwa nawaza kwamba vitu hivyo vyote ni vya kupigania, na kwamba kwa baba mdogo ingefaa mtu aweke sepetu, kwa kuwa ndicho chombo alichokishika siku nyingi zaidi katika vita yake.

Baba mkubwa si mtu wa uongo, na hoja yake naiheshimu. Anasema kwamba bibi aliishi miaka zaidi ya thelathini akiamini mwanawe aliuawa na adui, kwamba imani hiyo ilimsaidia kulala, na kwamba malaria inaua hata mlevi wa njiani. Ukiiandika kwenye kibao cha askari, wapita njia watauliza alikwenda vitani kufanya nini. Namjibu kwamba alikwenda kufanya kile ambacho askari wa miguu hufanya, yaani kwenda anakopelekwa na kukaa anakoambiwa akae, na kwamba mbu wale hawakumfuata Mufindi. Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akasema uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo vyote, na sehemu ya uwezo huo ilikuwa ni mwili wa kijana wa baridi uliowekwa kando ya kinamasi wakati wa mvua.

Kiswahili kimetupa njia ambayo Baba mkubwa amekubali nusu yake. Kuuawa ni jambo moja, kufia ni jingine, na mtu anaweza kufia vitani bila kuguswa na risasi. Kwa hiyo nimependekeza: "Alifia vitani, Kyaka, Januari 1979, kwa malaria." Baba mkubwa amepitisha "alifia", amepitisha Kyaka kwa shingo upande, lakini malaria ameikata kwa kalamu nyekundu na kusema kwamba fundi anatoza kwa herufi. Nimempigia fundi simu. Maneno hayo mawili, "kwa malaria", ni herufi kumi, na nimeshamtumia pesa yake.