Mkono wa Mpiga Picha

Kwetu Ngamiani, mgeni akishakaa tu, kabla kahawa haijachemka, anawekewa albamu mapajani. Hata waliokuja kumposa mdogo wangu hawakusalimika.

Albamu yenyewe ni ya mama mkubwa, ile ya kurasa zenye gundi na plastiki juu. Gundi hiyo na joto la Tanga havipatani. Picha za rangi zimegeuka nyekundu, nyingine zimeng'ang'ania hazitoki hata kwa kisu. Za nyeusi na nyeupe ndizo zilizobaki na sura zao.

Imo moja ya studio: mama mkubwa kijana, nywele kazitimua, nyuma yake pazia lililochorwa minazi. Upande wa kushoto imekatwa kwa mkasi. Mtu wa pili kabaki kiganja tu, kimemlalia begani. Tangu utotoni tunaambiwa huo ni mkono wa mpiga picha, alikuwa akimweka sawa. Nasi tukameza, hakuna aliyeuliza kamera ilishikwa na nani.

Baba mkubwa wa muoaji akafika ukurasa ule, akaganda. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena. Kisha akaweka mkono wake wa kushoto kando ya picha. Kidole chake cha mwisho kimepinda kwenda nje. Cha pichani vilevile.

"Mbona huu wangu?" akasema, kama mtu aliyeokota pochi yake iliyopotea.

Mjomba akakohoa. Mshenga, ambaye Mungu hakumjalia kunyamaza, akafunua plastiki na kuibandua picha kwa mpini wa kijiko. Ikatoka na gundi yake. Nyuma pana mwandiko wa wino, naye akausoma kwa sauti ileile ya kutaja mahari:

"Idi, 1974. Mimi ni wako hadi ka..." Akaigeuzageuza. "Pamekatwa hapa. Hadi kazini?"

"Hadi kaburini," baba mkubwa akamsahihisha, kabla hajakumbuka mkewe kakaa wapi.

Mkewe alikuwa mkekani, upande wa wanawake, anajipepea. Kipepeo kikasimama. Mama mkubwa naye ndiyo kwanza anaingia na sinia la visheti.

"Dada," mke yule akamwita, kwa adabu zote, "mkasi ulioikatia hii picha bado unao?"

"Upo, mwanangu. Na unakata."

Mahari ilikubaliwa kabla ya adhuhuri. Upande wao haukupunguza hata shilingi.